Mate ya Upande wa Kushoto

Nilimwogopa kabla ya kumpenda, na sioni haya kusema hivyo, maana kilima kizima kilimwogopa. Tulimwita Mama Mukunga. Jina la ubatizo alikuwa nalo, padri alilijua, lakini sisi tuliozaliwa mikononi mwake na kuzaa mikononi mwake hatukuwa na haja nalo. Ukimwona anapanda njia ya kwenu kwa mwendo wake ule wa kuinama, mkono mmoja kiunoni, na nyumbani kwenu hamna mwenye mimba, moyo ulikulipuka. Ulijiuliza amejua nini ambacho ninyi hamjakijua.

Mara nyingi hakuwa amejua lolote. Alikuja kuomba kaa la moto la kuwashia kiko, akakaa kwenye kigogo karibu na zizi, akaanza kumchokoza baba yangu. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe, yeye wa shamba. Ng'ombe wetu walikula maharagwe yake zaidi ya mara moja, na kesi ile hakuifikisha kwa chifu wala hakuimaliza, aliitumia tu kutia chumvi maneno yake.

"Ninyi batu ya ngombe," alisema akipokea kibuyu cha maziwa. "Munakula shamba yangu na mukono ya kuume, munanipa maziwa na ya kushoto. Na tena iko na maji."

Baba alikasirika kila mara, na kila mara alimwongezea maziwa.

Sasa niseme namna alivyoingia katika nyumba ya uzazi, kwa sababu wakwe wa kilima chetu walimtazama pale mlangoni zaidi kuliko walivyomtazama mzazi. Alisimama kizingitini, akavuta hewa kwa pua, macho amefumba. Akiingia bila neno, wakwe walianza kuchekana na kutania. Akiomba maji ya kunawa miguu kwanza, nyanya wa nyumba alijifunika kanga usoni, maana sote tulijua kwamba siku hiyo huenda asitoke mmoja, au wasitoke wote wawili. Hakuwahi kutueleza alinusa nini. Nilimuuliza nilipokuwa mkubwa, akanijibu kwamba hata mbwa ananusa na hakuna anayemuuliza.

Mwanamke huyo, aliyepeleka mkono mahali ambapo wanaume wetu wangezimia, aliogopa kuku. Usicheke, ni kweli. Kuku akiruka karibu yake alipiga yowe na kukimbilia nyuma ya mtu yeyote aliye jirani, hata mtoto. Alikaa mstari wa mbele kanisani na kuimba Kilatini asichokielewa kwa sauti iliyowafunika wote, kisha akitoka nje alimsema padri mpaka tukaogopa radi. Alieneza habari za kila ndoa ya kilimani, nani kampiga nani, nani kamnunia nani. Lakini ya chumba cha uzazi hayakutoka kinywani mwake. Kuna siri za mama yangu alizokwenda nazo, na najua zilikuwepo.

Kinywa chake ndicho kilichotuzalisha, zaidi ya mikono. Uchungu ukikaza alikuwa akitania. Alimwiga mume anavyotembea huku na huko nje, alimwiga mama mkwe anavyokohoa, kiko kikiwa pembeni mwa mdomo, na mzazi akajikuta anacheka na kulia pamoja. "Mutoto hana haraka," alisema. "Haraka iko ya mama mukwe." Mtu aliyezaa kwake aliisikia sauti hiyo maisha yake yote.

Na mtoto alipokwisha kulia na kitovu kukatwa, alifanya kile ambacho hasa ndicho kilichomfanya kuwa yeye. Alilowesha kidole gumba kwa mate yake, akamgusa mtoto paji la uso, akamgusa kifuani, kisha akamtemea kidogo, kama mtu anayenyunyizia majani ya miche. "Ukue, uzike bakubwa yako," alisema. Mgeni hudhani kutemewa mate ni tusi, na pengine kwao ni tusi. Kwetu mtoto ambaye hakupata mate ya mkubwa alihesabiwa kuwa bado yuko njiani, anaweza kurudi alikotoka, na mama yake hakulala vizuri mpaka apate.

Padri alikataza. Alikataza mimbarini, akakataza tena mlangoni pa kanisa akimwelekeza kidole. Mama Mukunga alimsikiliza ameinamisha kichwa, kisha akamwuliza kwa heshima zote:

"Padri, siku ya ubatizo wewe unapaka mutoto mate yako ku masikio na ku pua. Nimeona na macho yangu. Mate yako iko na nini, yangu haina?"

Padri alisema ile ni sakramenti. Naye akasema ndiyo, Padri, na wiki ile ile akabariki mapacha.

Ugonjwa ulianza ubavuni mwa ulimi, upande wa kulia, pale kiko kilipozoea kukaa. Tuliona tu kwamba amekihamishia kiko upande wa pili. Kisha akaacha kula pilipili, yeye aliyekuwa akiila kama mboga. Masista wa zahanati walipomfumbua kinywa kwa nguvu walikuta kidonda kigumu, kimenyanyuka kingo, na daktari aliyepita kukagua zahanati akasema apelekwe kwenye hospitali kubwa ya kusini, kwenye mashine ya miale. Lori lilimchukua hadi Sake, kutoka hapo ikawa lori tena, meli na treni. Tulimsindikiza hadi barabarani tukiimba nyimbo za maziko, bila mtu kutuambia tuziimbe. Alikasirika, akatuambia tukaimbe kwa kuku.

Yote ya huko aliyenisimulia ni yeye mwenyewe, kidogo kidogo, akinywa maji kati ya sentensi na sentensi, kwa hiyo nayasema alivyoyasema.

Daktari wa huko alikuwa mzungu wa aina ambayo hatukuwa tumeizoea, maana aliuliza. Alimkalisha kitini, akamwekea kidole mbele ya sikio la kulia, kisha mbele ya sikio la kushoto, kisha chini ya taya. Muuguzi mmoja Mkongomani, mwenye tai na viatu vya kung'aa, alitafsiri kwa Kiswahili cha kwetu, kinachosema njo badala ya ndiyo.

"Hapa njo visima ya mate, Mama. Kila upande iko na yake. Ugonjwa iko kuume. Moto ya masini ikipita kuume, kisima ya kuume itakufa. Lakini Munganga anaogopa ugonjwa imesha vuka, imejificha kushoto, ku shingo. Anapenda kuchoma pande yote mbili. Njo utapona zaidi. Lakini mate itakwisha, haitarudi tena."

"Na akiacha kushoto?"

"Akiacha kushoto, utabaki na mate kidogo. Ao utabaki na mate kidogo pamoja na ugonjwa."

Mama Mukunga alifikiri. Kisha akasema, "Muulize: mukunga bila mate, anabariki mutoto na nini?"

Yule mwenye tai aliona haya kulipeleka neno hilo kwa mzungu. Alimwambia daktari kwamba mama anauliza atakulaje. Basi daktari akaeleza habari za supu, akaeleza uji, akaeleza tena supu. "Aliniambia supu mpaka nikachoka," alisema Mama Mukunga. Daktari aliokoa mate yale bila kujua kamwe yalikuwa ya kazi gani, na nikifikiri jambo hilo leo sijui nicheke au nilie.

Alichagua kushoto kuachwe. Walikata karatasi kwa kipimo cha uso wake, kisha wakakata bamba la risasi, yale madini laini mazito, kwa kufuata karatasi, kuanzia kwenye paji la uso hadi shingoni. Walimchora mistari ya zambarau upande wa kulia na kumkataza kuiosha. Kila siku ya dawa alilazwa, kipande cha mti mwepesi kikabana meno yasifunge, bamba likafunika kushoto ili miale isipite, na watu wote wakatoka chumbani, wakafunga mlango mnene.

"Nikabaki peke yangu na ile kelele ya masini," alisema. "Nikawaza: kama hii moto iko dawa, kwa nini benyewe banakimbia?"

Alirudi. Kilima kilipomwona barabarani akiwa na kibuyu chake cha maji mkononi hakikushangilia kama nilivyotegemea. Watu walikuwa wamekwisha kumlilia, na aliyekwisha kuliliwa akirudi anawatia watu baridi. Ngozi ya shavu la kulia ilikuwa nyeusi tii na ngumu. Meno ya upande huo yalianza kumeguka, moja baada ya jingine, bila damu. Ladha ilikwisha, hata alikunywa maziwa yetu na asiyatukane, na baba akasema afadhali angeyatukana.

Na kile kinywa kilinyamaza. Hakuweza kusema maneno mengi bila ulimi kugandamana na kaakaa, kwa hiyo alisema lililo lazima tu. Wanawake walizaa katika ukimya, naye ameinama juu yao, na wao, walioahidiwa vicheko na mama zao, waliogopa. Wakaanza kunong'ona kwamba aliyerudi si yule aliyekwenda.

Lakini kisima cha kushoto kilikuwa hai. Daktari alimwambia akiamshe kila siku kwa kitu kichachu kisije kikalala, naye alitafuna maganda ya malimau ya bustani ya misheni, uso umekunjamana kwa maumivu. Yalikuja mate kidogo, mazito, kama ute wa yai. Niliwahi kumwona akiyatazama kwenye kidole chake huku anatabasamu. Mama fulani akikaribia siku zake, Mama Mukunga hakusema na mtu asubuhi nzima, alipumua kwa pua, alikaa kivulini, akiyakusanya. Mtoto akija, yalimtosha mtoto huyo mmoja, na siku hiyo hakuwa na mengine.

Hapo ndipo balaa lilipoingia, na lilipitia mlango ambao mimi nisingeufikiri.

Wasioishi miaka ile waelewe komunyo ilivyokuwa. Kuanzia usiku wa manane hukutia kitu kinywani, hata tone la maji. Mwili wa Bwana uliwekwa ulimini na padri, nawe hukuutafuna, meno yasiuguse. Kuugusa kwa kidole chako ilikuwa dhambi ambayo watoto waliota ndoto mbaya kwa sababu yake. Ulisubiri ulainike kwa mate, ukameza. Mtu mwenye mate hafikirii jambo hilo hata mara moja maishani mwake. Mama Mukunga alilifikiria kila Jumapili, na kwa sababu hiyo Jumapili alfajiri aliyakusanya mate yake kwa ajili ya Bwana kama alivyoyakusanya siku nyingine kwa ajili ya watoto.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Pasaka, jua likichomoza. Alitoka amelegea, rangi imembadilika, na Mama Mukunga akampuliza, akamsugua mgongo, akamgeuza, mpaka akalia. Kisha akamgusa paji, akamgusa kifua. Akamtazama, hakuridhika. Akamtemea mara ya pili, kisha ya tatu, akikamua shavu la kushoto kwa ngumi ili yatoke yote. Mama mkwe wangu alimletea maji. Aliyasukuma kwa mkono, akaonyesha kanisa, akaondoka anakimbia kwa mwendo wake wa kuinama.

Yaliyofuata nilielezwa na wifi yangu, aliyepiga magoti karibu naye. Hostia, kile kipande cha mkate wa komunyo, iliganda kwenye kaakaa. Mama Mukunga alibaki ameinama, taya linasukuma, machozi yanamtoka, wenzake wote wamekwisha rudi mahali pao. Watu wakageuka. Akajaribu kukohoa, ikashuka nusu, ikamziba pumzi. Ndipo akatia kidole kinywani, mbele ya kilima kizima, siku ya Pasaka.

Kabla ya jua kufika utosini kila nyumba ilikuwa na habari: Mama Mukunga ameutoa Mwili wa Bwana kinywani, ameuficha kwenye kitambaa, atautumia kwa uchawi. Wengine walikumbuka kwamba Jumapili zote tangu arudi alikaa muda mrefu amefunga mdomo. Wengine wakasema sasa wameelewa kwa nini hasemi. Wifi yangu alikuwa ameona kwa macho yake kwamba aliisukuma ndani, hakuitoa. Nilimwambia akaseme. Akaniambia ana watoto. Hasira ile ninayo hadi leo, na sikusudii kuiacha.

Padri alimhoji, akamsadiki, akasema mimbarini kwamba mama huyu ni mgonjwa. Kilima kilisikiliza kwa adabu. Wakati wa mvua watoto wachanga wawili walikufa kwa kikohozi, wote wawili aliwapokea yeye, na baada ya hapo hakuna aliyemwita tena. Asubuhi moja alikuta migomba yake yote imekatwa, imelazwa chini kwa mpangilio, vichwa vyote vikielekea mlangoni pake. Hakuna aliyeonekana. Alipita katikati ya migomba hiyo na kibuyu chake cha maji, akashika njia ya kwenda Walikale, kwa mwanawe aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi ya madini ya bati kule msituni. Hakuniaga. Nadhani aliogopa wasije wakaniona naye.

Miaka michache baadaye ilitangazwa kanisani kwamba Roma imeamua maji hayavunji tena mfungo wa komunyo. Watu walifurahi, hasa wazee. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukuta, kwa sababu nilihisi ningepiga kelele.

Nilimwona tena mara moja. Mume wangu na ndugu zake walikuwa wakiteremsha ng'ombe wa nyama kwenda kambi za Walikale, nami nikafuatana nao nikiwa na mwanangu wa pili mgongoni, mtoto mchanga bado, aliyepokewa na mkunga mwingine. Kule msituni hewa ni nzito na jua haligusi ardhi. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mwanawe, amekaa kwenye mkeka, amefungwa kitambaa kikubwa kutoka utosini hadi chini ya kidevu. Alinitambua kwa mwendo.

"Mutu ya ngombe," alisema, na sauti ilitoka kwa shida. "Uko na maziwa?"

Nilikuwa nayo. Alilowesha midomo tu, akakiweka kibuyu chini. Ndipo nilipoona mdomo wake. Ulikuwa umelowa. Mate yalikuwa yakimtoka pembeni, meupe, mengi, yakishuka kidevuni na kuingia kwenye kitambaa, na kitambaa chote kilikuwa chepechepe. Furaha ilinipanda mpaka nikapiga makofi.

"Mama! Mate imerudi!"

Alinitazama kwa huruma, kama alivyokuwa akiwatazama wasichana wa mimba ya kwanza.

"Haikurudi," alisema. "Iko ile ile kidogo. Haishuki tena ku koo, njo maana unaiona."

Akafungua kitambaa, akachukua mkono wangu, akauweka chini ya sikio lake la kushoto. Alinishika vidole na kuvibonyeza, kama alivyowafundisha wanawake kusikiliza tumbo. Palikuwa na uvimbe mgumu ulioshika hadi shingoni, hautembei ukiusukuma. Ulianzia pale pale bamba la risasi lilipokuwa likikaa.

"Unasikia nini? Usinidanganye."

"Iko nguvu, Mama. Haitembei."

"Njo hivyo. Ilikuwa imelala ku kisima."

Nililia. Nikamwambia kwamba angemwachia yule daktari achome pande zote mbili, angekuwa mzima, angeishi kwa supu, angeishi kwa maji. Alingoja nimalize, akijipangusa.

"Mutoto wako wa Pasaka, iko wapi?"

"Iko nyumbani. Anafukuza ndama."

"Basi usiniulize hiyo maneno tena."

Ndani ya nyumba mkwe wake alikuwa akitwanga, na kila alipotoka alipita mbali na mkeka. Nilimfungua mwanangu mgongoni. Nilijua wenzangu wa kilimani wangesema nini, nikajua mama mkwe wangu angesema nini, na sikujali. Huyu wa pili hakuwa amepata mate ya mkubwa yeyote, na mbele yangu alikuwapo mkubwa niliyemtaka, kinywa chake kimejaa. Nikampokeza mtoto kwa mikono miwili.

Mikono yake ilinyooka kumpokea, kwa mazoea. Kisha ikasimama. Akakiokota kitambaa haraka, akakibana mdomoni kwa viganja vyote viwili, akageuza uso ukutani ili tone lisimwangukie.

"Umuondoe," alisema ndani ya kitambaa. "Hii haiko yangu tena. Iko ya ugonjwa."

"Mama, tafadhali."

"Umuondoe, binti yangu. Umupeleke mbali."

Alibaki ametazama ukuta mpaka niliposimama. Nikamfunga mwanangu mgongoni, mkavu kama nilivyomleta.